City Hall ya Buffalo: kupanda juu ni bure, na mimi naiweka mbele ya majengo yote marefu ya mji huu

Nasema mapema kabisa ili hata ukiishia mstari huu uwe umepata ulichokuja kutafuta: ukifika Buffalo, jimbo la New York, na una saa moja tu ya kuuona mji, nenda City Hall, jengo la ofisi za serikali ya mji, ukapande mpaka juu. Ni bure. Hamna tiketi, hamna kuweka nafasi, hamna mtu anakung'ang'aniza ununue picha ukishuka. Wageni wengi wanaokuja huku wanapitiliza moja kwa moja Niagara Falls, wanapiga picha za maporomoko, wanarudi zao, mji wenyewe wanauona kwenye dirisha la gari, na hilo linaniuma kwa kweli kwa sababu hapa katikati ya mji kuna majengo ambayo wanafunzi wa usanifu wanasafiri kutoka mbali kuja kuyaangalia.

Tuwekane sawa kuhusu urefu kwanza. City Hall siyo refu kuliko yote. Namba moja ni Seneca One, mita 161, City Hall inafuata na mita 121 na ghorofa 32, ilimalizika 1931. Yaani jengo la pili kwa urefu mjini lina karibu miaka mia, na hilo lenyewe linakwambia habari ya Buffalo kuliko kitabu, nitalirudia chini. Usije ukitegemea msitu wa maghorofa kama wa Chicago, sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 278,000 tu hapa, ni mji wa kati, unaweza kuyazungukia majengo yake makubwa yote kwa miguu mchana mmoja na bado ukapata muda wa kula.

Seneca One nitaisema kwa haki. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya benki ya Marine Midland, baadaye ikawa ya benki ya HSBC, na imekaa juu ya Main Street kabisa, treni ya mji inapita chini ya tumbo lake. HSBC ilipoondoka 2013 na wapangaji wengine wakubwa wakaondoka, mnara ukabaki karibu mtupu kwa miaka, jengo refu kuliko yote mjini na ndani hamna watu, ebu fikiria unavyojisikia ukiwa unapita hapo kila siku. Mwaka 2016 akalinunua Douglas Jemal, mwekezaji wa kutoka Washington, akaliweka sawa, M&T Bank wakaleta watu wao wa teknolojia, kukawekwa na apatimenti, leo lina uhai. Nafurahi kwa hilo, nafurahi kabisa. Ila kwa mtu anayetaka kuuona mji halina la kumpa, juu ni kwa wenye ofisi na wapangaji, wewe unalitazama kutoka chini, zege la rangi ya mchanga na mistari iliyonyooka, basi, unaendelea na safari yako.

City Hall ni kinyume chake. Ni jengo la serikali ya mji, watu wanaenda kulipa kodi za nyumba, kuchukua cheti cha kuzaliwa, kuomba kibali cha kufunga ndoa, na yule yule aliyekuja kwa kibali cha ndoa anaweza kupanda lifti akaenda kusimama juu ya mji mzima bila kuomba ruhusa ya mtu. Hiki ndicho kinanifanya nilipende kuliko majengo mengine yote.

Kufika ni rahisi. Treni ya Metro Rail ikiwa juu ya ardhi kwenye Main Street hulipi kitu, nauli inaanza kwenye zile stesheni za chini ya ardhi kuelekea chuo kikuu, kwa hiyo unaweza kupanda kule karibu na maji ukashuka Lafayette Square bila kutoa hata senti. Ukishuka tazama magharibi ufuate Court Street. Jengo lenyewe limekaa mwisho wa barabara, limesimama katikati ya njia kabisa, na kila unavyosogea linazidi kupanda, sehemu za pembeni ziko chini halafu katikati linapanda kwa hatua mpaka kileleni ambako kuna vigae vya rangi, na jua likipiga pale vinawaka hasa. Mtindo wake ni Art Deco, ule wa miaka ya 1920 na 1930 wenye mistari iliyonyooka na mapambo, msanifu mkuu alikuwa John Wade akishirikiana na George Dietel, na gharama ilikaribia dola milioni 7 za wakati ule, ambao ndio wakati uchumi wa Marekani ulikuwa unaporomoka. Walianza kujenga 1929, mambo yakaharibika mwaka huo huo, wao wakamaliza.

Kabla hujaingia simama dakika mbili Niagara Square, ule uwanja wa mviringo mbele ya mlango. Katikati kuna mnara wa marumaru nyeupe wenye simba chini, ni wa kumkumbuka rais William McKinley aliyepigwa risasi hapa Buffalo Septemba 1901 kwenye maonyesho makubwa ya Pan-American, akafa siku nane baadaye, na Theodore Roosevelt akaapishwa urais kwenye nyumba ya mtu hapa hapa Delaware Avenue. Pembeni ya City Hall kuna sanamu za marais wengine wawili, Millard Fillmore na Grover Cleveland, wote walikuwa watu wa Buffalo, na Cleveland alikuwa meya wa mji huu 1882 kabla hajawa gavana na kisha rais.

Ukiingia usikimbilie lifti. Sebule ya chini ina dari la vigae lililopinda na michoro mikubwa ukutani inayoonyesha kazi za watu wa huku na mpaka na Kanada, rangi bado ziko hai, na sehemu yote ina ule ubaridi wa jengo la mawe. Watu wanakupita na mafaili mkononi wanaenda zao, wewe umesimama umeinua shingo, hakuna anayekushangaa, wamezoea.

Lifti inakufikisha ghorofa ya 25. Hapo unashuka na zilizobaki unapanda kwa ngazi, ghorofa tatu hivi mpaka ya 28. Ngazi siyo kali sana lakini mtu mwenye magoti mabovu atazisikia, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika kabisa. Hili ndilo doa kubwa la sehemu hii na sitalipamba. Jengo ni la zamani na kuweka lifti kwenye kilele kile chembamba siyo kazi ndogo, hilo naelewa, lakini kitu cha umma kinatakiwa kifikiwe na umma wote, na natamani siku moja mji upate njia.

Halafu unasukuma mlango unatoka nje. Nje kweli, siyo nyuma ya dirisha. Unaweza kuuzunguka mnara pande zote, una ukuta wa mawe mbele yako, na upepo wa Ziwa Erie unakupokea hapo hapo, hata Julai beba jaketi jepesi, na kofia ishike mkononi.

Nenda upande wa magharibi kwanza. Ziwa lote liko mbele, hulioni mwisho wake, ukiangalia kushoto kidogo unaona ukuta wa kuzuia mawimbi na mnara wa taa wa 1833 mdomoni mwa mto, ukiangalia kulia unaona ziwa linavyobanwa linageuka kuwa mto Niagara, na juu yake daraja la Peace Bridge la 1927, ng'ambo ya pili ni Kanada. Ndiyo, nchi nyingine, pale pale, nyumba zake unaziona kwa macho. Hewa ikiwa safi angalia mbali kaskazini magharibi, zaidi ya kilomita 25, utaona kama wingu dogo jeupe limekaa chini peke yake wakati anga lote liko wazi, ule ni mvuke wa maporomoko ya Niagara. Kuna wanaolipia minara ya kuangalizia kule upande wa Kanada, na sisemi vibaya, ukaribu una raha yake, lakini hapa juu unaona kitu ambacho kule huwezi, unaona maji yote kwa pamoja, ziwa linaingia kwenye mto na mto unakwenda kuanguka, ramani nzima iko chini yako na inatembea.

Na huo upepo unaokupiga usoni walishaufikiria. Wakati wa kujenga waliweka matundu makubwa ya hewa upande wa magharibi, upepo wa ziwa unaingia humo, unashushwa kwa mifereji mpaka chini ya jengo ambako ardhi inaupoza, kisha unapelekwa ofisini. Ubaridi bila umeme, 1931. Mimi kila nikikumbuka hilo naliona jengo upya, kwa sababu leo tunajenga maboksi ya vioo halafu tunalipa bili kubwa za kuyapoza.

Zunguka uende kusini. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu. Kando ya mto Buffalo kuna maghala ya nafaka, yale marefu ya mviringo yaliyobanana ya zege, mengine yamekufa, mengine bado yanafanya kazi, na kiwanda cha General Mills kikiwa kinachoma Cheerios, zile nafaka za kula na maziwa asubuhi, upepo ukielekea mjini harufu ya nafaka tamu inafika mpaka hapo juu, sitanii, watu wa huku wanaijua harufu hiyo kuliko wimbo wa taifa. Hayo maghala ndiyo yaliyojenga kila ghorofa unaloliona nyuma yako. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825 ukaunganisha ziwa na mto Hudson, kwa hiyo ngano ya magharibi ikawa inakuja kwa meli mpaka Buffalo, inapakuliwa, inapakiwa kwenye mashua za mfereji kwenda jiji la New York. Mwanzoni ilipakuliwa kwa migongo ya watu, gunia baada ya gunia. Mwaka 1842 Joseph Dart akajenga hapa ghala la kwanza la kupandisha nafaka kwa nguvu ya mvuke, ndoo zimefungwa kwenye mkanda zinazunguka zinachota ngano kutoka tumboni mwa meli, na kuanzia hapo pesa ikamiminika. Mabenki yakaja, reli zikaja, viwanda vya chuma vikaja, wenye pesa wakaanza kushindana nani atajenga juu zaidi.

Ukitaka kujua kwa nini ushindani ulisimama, angalia mbali zaidi kusini, kwenye ile mitambo ya upepo inayozunguka pale Lackawanna kando ya ziwa. Pale palikuwa na kiwanda cha Bethlehem Steel, kikubwa mno, sehemu kubwa yake ilifungwa 1983. Na kabla ya hapo, 1959, ilifunguliwa njia ya maji ya St. Lawrence, meli kubwa zikawa zinaweza kwenda baharini bila kupakulia mzigo Buffalo. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 580,000 mwaka 1950 ukapungua mpaka nusu. Sasa unaelewa kwa nini jengo la pili kwa urefu bado ni la 1931. Pesa iliondoka kabla watu hawajafikia kuyabomoa ya zamani yote na kujenga mapya, na yaliyobaki leo ndiyo utajiri wa mji.

Utajiri wenyewe uko upande wa mashariki, na hapa ukiwa na darubini ndogo utafaidi. Liberty Building ya 1925 ina sanamu mbili za Liberty juu ya paa, zile kama ya bandari ya New York, zinafika kama mita 10 kila moja, moja inatazama mashariki na nyingine magharibi, na kwa sababu uko juu unazitazama karibu usawa wako, siyo kwa kuinua shingo. Ukilijua jina la kwanza la benki iliyolijenga utashangaa, ilikuwa German American Bank, vita vya kwanza vya dunia vikaja, jina la Kijerumani likawa mzigo, wakajiita Liberty, halafu wakaweka na sanamu kabisa ili asiwepo mwenye shaka. Karibu yake ni Rand Building ya 1929, lenyewe ndilo lilikuwa refu kuliko yote mpaka City Hall ilipomalizika. Kaskazini kidogo kuna Electric Tower, nyeupe, ya 1912, imeigwa kutoka ule mnara uliowashwa taa za umeme kwenye maonyesho ya 1901, na ndipo watu wanakusanyika usiku wa mwaka mpya kuangalia mpira wa taa ukishuka. Umeme wenyewe ulikuwa unatoka Niagara, Novemba 1896 ulisafirishwa kwa waya mpaka Buffalo, ndiyo maana mji ukaitwa Jiji la Taa wakati miji mingi bado inawasha gesi.

Lakini ukiniuliza lipi usiondoke bila kuliona nitakutajia fupi kuliko hayo yote. Guaranty Building, ghorofa 13 tu, 1896, lililosanifiwa na Louis Sullivan na Dankmar Adler. Kutoka juu unaona paa lake tu la kawaida, kwa hiyo ukishuka nenda kwa miguu, ni mwendo mfupi. Sogea mpaka ukutani uguse. Kila kipande ni udongo wa kuchoma, rangi ya matofali, na kila kipande kimechongwa majani, mbegu, maua, mistari inayojikunja, kuanzia miguu ya nguzo mpaka juu kwenye madirisha ya duara, hakuna sehemu iliyoachwa tupu, na bado jengo zima linapanda juu limenyooka kama mti wa mvule, halilemewi na mapambo yake. Ndani ni mifupa ya chuma, ule ule ujuzi uliofanya minara yote ya baadaye iwezekane. Miaka ya sabini lilipata moto, likakaribia kubomolewa, watu wakalipigania likabaki. Kila nikipita pale nawashukuru ambao siwajui.

Na hatua chache kutoka hapo kuna Ellicott Square, nalo la 1896, ghorofa 10, lilipofunguliwa lilikuwa jengo kubwa la ofisi kuliko yote duniani. Ingia ndani uangalie sakafu, ni vipande vidogo vidogo vya marumaru, mamilioni, na paa la kioo juu. Basi, sisemi zaidi, utaona mwenyewe.

Turudi City Hall kwa mambo ya lazima kujua. Juu panafunguliwa siku za kazi tu, saa za ofisi, wikiendi hapana, na jioni pia hapana, kwa hiyo jua kuzama ziwani kipindi cha kiangazi hulioni kutoka pale, nalo ni jua zuri balaa. Mtu anayefanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa mchana inabidi aombe ruhusa ndipo aone mji wake. Ningeombwa ushauri ningesema wafungue hata jioni moja kwa wiki kuanzia Juni mpaka Agosti, watu watajaa. Mwenye gari, paking za barabarani kuzunguka pale ni za kulipia na siku za kazi zinajaa mapema, treni ni nafuu kwa kila namna. Juu hamna vinywaji, hamna mkahawa, hamna viti vya kukaa starehe, beba maji yako. Watoto wanapapenda sana lakini washike mikono kwa sababu ya upepo. Msimu wa baridi piga simu kwanza au angalia tovuti ya mji, theluji ya ziwa huku haina mchezo na hali ya hewa inaweza kubadilisha kila kitu.

Ukiwa na mzee au mtu asiyeweza ngazi, usimwache nyumbani. Sebule ya chini ataifaidi, na lifti itampeleka ghorofa ya 13 kwenye ukumbi wa baraza la mji, ambako juu ya viti vya madiwani kuna dari la kioo cha rangi lililotengenezwa kama jua linatoa miale, mwanga unashuka wa njano njano mpaka kwenye meza. Kama kikao hakiendelei unaweza kuchungulia. Kuna wanaokuja pale kwa ajili ya kibali cha ndoa, ofisi iko ghorofa hiyo hiyo, na nimeona wanapiga picha zao humo, wamependeza.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya ngazi na zile saa za kufunga. Kwa mwenye kupenda picha: asubuhi piga upande wa ziwa maana jua liko nyuma yako, na upande wa Liberty na Electric Tower subiri mchana saa nane hivi, mwanga unakuwa unayapiga majengo usoni. Septemba na Oktoba ndiyo hewa inakuwa safi zaidi na miti ya kule Delaware Avenue imeshaanza kubadilika rangi. Ukishamaliza shuka na Court Street tena mpaka Main Street, geuka kulia utafute Church Street, Guaranty iko kwenye kona ya Church na Pearl.